Barabara zina mizani, mgongo wa mchuuzi hauna

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali, au Mombasa kwenda Kampala, hupimwa uzito njiani, tena zaidi ya mara moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inasema lori na mzigo wake visizidi tani 56. Dereva anayezidisha analipa, na wakati mwingine anashusha mzigo palepale. Sababu yake inaeleweka na kila mtu: lami ikibebeshwa kupita kiasi inabonyea, kisha inapasuka, na kuitengeneza ni gharama kubwa.

Sina ugomvi na sheria hiyo. Ninachouliza ni kwamba gunia lililopimwa kwa uangalifu wote huo ili lisiumize lami, likifika mpakani na kushushwa, linapandishwa juu ya mgongo wa binadamu na hakuna anayeuliza lina kilo ngapi. Si forodha, si halmashauri, si chama cha wafanyabiashara. Na sisi wenyewe wenye mali hatuulizi. Tunauliza bei ya kubeba tu.

Nina miaka 57, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo nimekuwa nikivusha maharage na vitunguu Namanga na kurudi na sabuni, vyombo vya plastiki na chochote kinachouzika. Mimi si daktari. Naandika kama mtu ambaye kiuno chake kimekuwa mbia wa biashara bila kusaini mkataba, na ninayewaona wenzangu wa rika langu wakiinuka kwenye benchi kwa kushika meza kwanza, kisha goti, kisha ukuta.

Tukianza na idadi, hili si jambo la wazee wachache wa mpakani. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 843, hasa kwa sababu watu wanaongezeka na wanaishi zaidi. Idadi ya wagonjwa ni kubwa kuliko zote kwenye umri wa miaka 50 hadi 55, na wanawake wanaumia zaidi ya wanaume. Tazameni foleni ya asubuhi Busia, Mutukula, Rusumo au pale Goma na Gisenyi, muone ni nani wamesimama. Ni kina mama, na wengi wao wako umri huohuo.

Wapo watakaoniambia kwamba wanawake wetu wamebeba mizigo tangu enzi na hawakuwa na shida. Jibu lake lipo, na lina utamu wake. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya, Waluo wakibeba kichwani na Wakikuyu kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Watafiti waligundua kwamba akina mama hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu yoyote ya ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Ni ujuzi wa ajabu, na tujivunie. Lakini pigeni hesabu: mama wa kilo 65 anapata kilo 13. Ni ndoo isiyojaa ya maji. Si gunia la vitunguu, wala si belo la mitumba la kilo 45. Halafu utafiti ule ulipima nguvu inayotumika, haukupima pingili za mgongo zinabaki vipi baada ya miaka thelathini.

Sheria za magunia tunazo, ila zilitungwa kwa ajili nyingine. Tanzania inapiga marufuku lumbesa. Kenya ina kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zinazotaka gunia lisizidi kilo 50. Mijadala yote niliyowahi kusikia juu ya lumbesa, iwe redioni au bungeni, inahusu mkulima anavyopunjwa, na ni kweli anapunjwa. Anayesahaulika ni kijana anayeinama, anawekewa kile kichuguu mgongoni na wenzake wawili, kisha anatembea nacho akiwa amepinda kutoka lori moja hadi jingine. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke pungufu sana ya hapo. Hiyo ilikuwa miaka karibu sitini iliyopita, na wengi leo wanaiona ni nyingi mno. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unataja kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, tena mzigo ukiwa umeshikwa karibu na kiuno. Sisi bado tunabishana kama kilo 100 ni gunia moja au ni gunia na nusu.

Sasa nije kwenye mgongo wenyewe, kwa sababu naona tunaumia mara mbili: mara ya kwanza kwa mzigo, mara ya pili kwa maneno tunayoambiwa baadaye.

Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto, wataalamu wanakiita diski. Ujanani kinakuwa na maji mengi na kinarudi umbo lake kila ukilala. Miaka ikienda maji yanapungua, mto unakuwa mwembamba. Hilo linatokea kwa kila mtu, awe kuli au awe karani. Ndiyo maana mtu wa miaka 55 akipigwa picha ya mgongo ni nadra kukosa cha kuonyeshwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yakihusu zaidi ya watu 3,000 wasio na maumivu yoyote, yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Hao ni watu wanaotembea zao, hawaumwi.

Lakini kwetu mtu anatoka hospitali ameshika bahasha kubwa ya picha na sentensi moja kichwani: pingili zimesagika. Kuanzia hapo anaogopa kuinama, anaogopa kutembea, anauza kibanda. Nimemwona jirani yangu wa sokoni akikaa ndani miezi minne kwa sababu ya sentensi hiyo, na miguu ikaisha nguvu kwa kukaa kuliko kwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu kumi wenye maumivu ya kiuno, tisa hivi hawana ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Maumivu ni ya kweli kabisa, hakuna anayejifanya. Ila si lazima yawe na maana kwamba kuna kitu kimevunjika, na mara nyingi yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache mtu akiendelea kujongea kadiri anavyoweza. Kulala kitandani wiki mbili, dawa tuliyorithi kwa wazazi, huchelewesha.

Yapo maumivu ambayo hayasubiri, na hapa naomba kila mmoja asome mara mbili. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ukikosa hisia sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au miguu ikilegea ghafla, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, si kesho baada ya soko. Maumivu yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa ambao upo katika nchi zetu zote na una tiba. Na mama aliyepita miaka hamsini akianguka kidogo tu, hata kwa kuteleza kwenye ngazi ya basi, kisha mgongo ukauma sana, apimwe. Mifupa baada ya kukoma hedhi inakuwa myepesi na inaweza kupasuka kwa jambo dogo.

Ukiondoa hayo, tunarudi kwa wale tisa kati ya kumi, na kwa biashara kubwa inayofanyika juu ya migongo yao.

Nenda kituo chochote cha mpakani saa kumi na mbili asubuhi. Utauziwa vidonge vya rangi mbili ndani ya kikaratasi kisicho na jina, utachomwa sindano ya diclofenac na mtu uliyemkuta amesimama, utavalishwa mkanda mpana wa kubana kiuno, utapakwa dawa ya kuchua inayowaka kama pilipili. Ile ya kuchua sina neno nayo, angalau inapasha joto na haina madhara makubwa. Mkanda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unashauri usitumike kama tiba ya kawaida kwa maumivu sugu ya kiuno. Vidonge na sindano ndivyo vinavyonitisha. Diclofenac na ibuprofen ni dawa halali na zina nafasi yake kwa siku chache, lakini mtu anayezimeza kila safari kwa miaka anachezea tumbo na figo, na kama ana shinikizo la damu anaongeza hatari. Wapo wanaomeza zote mbili kwa pamoja, moja kutoka duka la upande huu na nyingine kutoka upande ule, bila kujua ni za ukoo mmoja. Tramadol ndiyo mbaya zaidi. Inaondoa uchungu, unabeba, unarudi kesho unahitaji mbili. Mwongozo huohuo wa 2023 unakataza dawa za kundi hilo kutumika kama tiba ya kawaida ya kiuno sugu.

Inashauri nini basi? Mambo ambayo hayana faida kwa muuza vidonge: mtu aelezwe vizuri hali yake, afanye mazoezi kwa utaratibu, akandwe na kunyooshwa na mtu aliyesomea, asaidiwe pia kwenye mawazo na hofu. Fiziotherapia si anasa ya wachezaji mpira. Chuo pale KCMC Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wake kwa miongo mingi, na hospitali nyingi za mikoa na kaunti zina chumba chake, aghalabu mwisho wa korido na bila foleni. Niliambiwa nijifunze mazoezi matatu na niyafanye kila asubuhi kwa dakika kumi na tano. Nilicheka moyoni. Mwezi wa tatu niliacha kucheka.

Na hapa ndipo nataka kubishana na rika langu, kwa sababu nadhani tatizo letu kubwa ni jinsi tunavyoipokea nafuu.

Sisi wafanyabiashara neno nafuu tunalijua kwa bei. Bei nafuu tunaikimbilia, tunanunua nyingi, tunajaza stoo. Nafuu ya mwili tunaifanyia vivyo hivyo. Mtu ameumwa wiki mbili, anaamka Jumanne anaweza kufunga kamba za viatu bila kukaa, anaweza kuchuchumaa, anasujudu na kuinuka bila kushika kiti. Anafanya nini? Anatoka kwenda kufidia wiki mbili kwa siku moja. Anavusha safari tatu. Jumatano yuko chini tena, na anasema dawa haikufanya kazi. Dawa ilifanya kazi. Yeye ndiye aliyeitumia nafuu kama mtu anayekula mtaji akidhani ni faida.

Ujanani tulizoea kupona. Kisu kilikukata, wiki ijayo pamefunga, umesahau. Mgongo wa miaka 57 hauponi kwa namna hiyo. Unatulia, unaamka, unatulia tena. Anayengoja siku ya kupona kabisa ndipo afurahi atazeeka na kinyongo. Nimejifunza kuihesabu nafuu kwa vipande vidogo: nimelala ubavu wa kushoto hadi alfajiri; nimekaa kwenye basi kutoka Namanga mpaka Arusha nikashuka nikiwa wima; nimembeba mjukuu dakika mbili nikamrudisha kwa mama yake kabla kiuno hakijanikumbusha. Vijana wakisikia hivi wanaona ni vya kizee. Ni vya kizee kweli, na vina raha ambayo sikuijua nilipokuwa na miaka thelathini, kwa sababu wakati huo mgongo ulikuwepo tu kama hewa, hakuna aliyeushukuru.

Nafuu ikitunzwa inazaa. Siku nzuri fanya kazi robo tatu ya unayoweza, na siku mbaya jongea robo, usilale kabisa. Kwenye safari ndefu shuka kila gari linaposimama hata kama huna haja, tembea mpaka mwisho wa kituo urudi. Gunia kubwa ligawe mawili hata kama kuli anadai malipo ya safari mbili. Hiyo pesa ni ndogo kuliko sindano.

Na tubadilishe bidhaa kadiri umri unavyobadilika. Wenzetu wa Zanzibar na Tanga waliojaza iliki na mdalasini kwenye mkoba hawakuwa wajinga. Kitenge, viungo, vipodozi, vipuri vidogo vya simu: thamani kubwa, kilo chache. Najua inahitaji mtaji zaidi, na mtaji ndio hatuna, lakini vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinakopesha kwa harusi na kwa mabati. Sioni kwa nini visikopeshe mama wa miaka 52 ahame kutoka viazi kwenda vitenge.

Kuna na hili la njia za panya. Wengi bado wanapita porini usiku wakiogopa ushuru, ilhali bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinavuka kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani bila ushuru wa forodha. Kwa njia ya panya mzigo hauendi kwa gari, unaenda kwa mgongo, gizani, kwenye mawe, kwa haraka. Watu kumi wakiungana wakajaza Canter moja na kupita mlango wa mbele kwa karatasi, wameokoa migongo kumi. Nasikia hoja kwamba hata mlango wa mbele kuna usumbufu. Upo, na tuendelee kuupigia kelele. Lakini faida ya njia ya panya tunayoihesabu kila mara imeacha safu moja wazi kwenye daftari, ile ya hospitali.

Serikali zetu nazo zina deni. Vituo vya pamoja vya mpakani vimejengwa kwa fedha nyingi, cha Namanga kikazinduliwa na marais wawili Desemba 2018, na vimerahisisha mambo ya malori kwa kiwango ambacho hakuna anayeweza kukanusha. Mtembea kwa miguu mwenye furushi alisahaulika kwenye mchoro. Anasimama foleni na mzigo kichwani kwa sababu hakuna meza ya kuutua kwa urefu wa kiuno, na akiutua chini lazima ainame kuunyanyua upya kila foleni ikisogea hatua mbili. Benchi hakuna. Busia wenzetu wenye ulemavu wamekuwa wakivusha mizigo ya watu kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, na Goma kuna chukudu, gari la mbao ambalo mji huo umelijengea sanamu. Watu wamejitengenezea magurudumu wenyewe huku wahandisi wakiweka ngazi na vizuizi vya chuma ambavyo toroli haliwezi kupita.

Halafu bima. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na sasa mali, huduma na watu wanavuka. Kadi ya bima ya mchuuzi wa kawaida haivuki. Ukikwama kiuno upande wa pili unalipa taslimu au unarudishwa nyumbani umelazwa nyuma ya gari. Rwanda wameanzisha Ejo Heza kwa ajili ya akiba ya uzeeni kwa watu wasio na ajira rasmi, na ni wazo ambalo nchi nyingine zingeweza kuliangalia kwa karibu, maana mchuuzi wa miaka 60 anaendelea kubeba kwa sababu siku asipobeba hali.

Ninachoomba kwa mwaka huu ni kidogo. Kila kituo cha mpakani kiweke mzani mmoja wa magunia kwenye njia ya watembea kwa miguu, na gunia lolote la zaidi ya kilo 50 lisipande mgongoni, lipande toroli. Toroli ziwe za kituo, za kukodi kwa bei ya soda, na vizuizi vikatwe ili zipite. Meza za kutulia mizigo ziwekwe kando ya foleni. Mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya wilaya aje siku moja kwa wiki akae kwenye chumba kimoja cha kituo, upande wowote, na ahudumie watu wa pande zote mbili. Na wenzangu mnaoniona Namanga nikimlipa kijana anitulie mfuko wa maharage kwenye toroli huku nimesimama mikono nyuma, msinicheke kwamba nimekuwa bosi. Njooni tugawane gharama za hiyo toroli.